Oregano Kavu Badala ya Thaimu Mbichi

SWALI: Maelekezo ya mchuzi wa maharage na nyanya ninayoyafuata yanataka kijiko kimoja cha mezani cha thaimu mbichi iliyokatwakatwa. Nilikuwa na oregano kavu tu, nikaitia kwa kipimo kile kile, na mchuzi ukawa mchungu. Je, nilikosea jani au kipimo? Na nikikosa majani ya giligilani, naweza kutumia mbegu zake zilizosagwa?

JIBU: Jani ulilichagua vizuri, ila kipimo ndicho kilichokuponza. Thaimu na oregano ni za ukoo mmoja wa mimea, ule wa mnanaa, na mafuta yake ya harufu kwa kawaida huwa na thaimoli na kavakroli, viini viwili vinavyokaribiana sana, ndiyo maana moja huweza kushika nafasi ya nyingine katika mchuzi bila mlaji kushtuka. Hata hivyo, jani linapokaushwa hupoteza maji na kusinyaa, hivyo kijiko cha majani makavu hubeba majani mengi kuliko kijiko cha mabichi. Wapishi hukadiria theluthi moja, yaani penye kijiko kimoja cha mezani cha mabichi huwekwa kijiko kimoja cha chai cha makavu. Kwa kuwa oregano kavu ni kali kuliko thaimu, mimi ningeanza na nusu kijiko cha chai, nikaonja baada ya dakika 10, ndipo nikaongeza. Makadirio haya hufaa pale tu majani yanapokuwa bado na nguvu: yafikiche kiganjani, na kama harufu haipandi mara moja, hakuna kipimo kitakachoyasaidia.

Wakati wa kuyaweka nao una uzito wake. Majani makavu yatiwe mapema, kitunguu kinapokaangwa, kwa sababu viini vya harufu huyeyuka katika mafuta kwa urahisi kuliko katika maji. Majani mabichi laini, kama mrehani, yatiwe sufuria inapokaribia kuepuliwa.

Kuhusu giligilani, mbegu hazishiki nafasi ya majani, ijapokuwa mmea ni mmoja. Harufu ya majani hutokana hasa na aldehaidi, kundi la viini vya harufu, ilhali ile ya mbegu hutokana zaidi na linaloli, kiini chenye utamu unaoelekea maua. Ukikosa majani, tumia pasili mbichi kwa kipimo kile kile na ukamulie limau kidogo. Hutapata harufu ile, lakini utapata ubichi na rangi, na kwa chakula cha kunyunyizia majani juu hiyo ndiyo kazi kubwa. (Kwa wale wanaoonja sabuni kila wanapotafuna giligilani, badiliko hili ni nafuu kabisa.)

Ninalosita kulishauri ni rozmari badala ya thaimu. Ina sineoli na kafuri, viini vya harufu kali, na ikizidi chakula hunuka dawa. Ukilazimika, tia kijiti kizima na ukitoe mara harufu inapotosha.

Kama mchuzi ule bado upo, usiuongezee sukari, kwani itauficha uchungu tu bila kuuondoa. Pika maharage na nyanya nyingine bila jani lolote, uzichanganye kidogo kidogo huku ukionja.