Sedani ya familia yenye nguvu kwa barabara za Dodoma: Mark X, Atenza au Legacy?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma na familia miaka mitatu iliyopita. Tunaishi Nkuhungu na kazini ni Mtumba, kwa hiyo kila siku natembea kama kilomita 45 kwenda na kurudi. Mita kama mia sita za mwisho kufika nyumbani ni vumbi kiangazi na tope masika. Tuna watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili, na kila mwezi tunakwenda Singida kumsalimia mama. Sasa hivi natumia IST ya cc 1300. Mjini hainisumbui, ila nikitaka kulipita lori njia ya Singida roho inakuwa mkononi. Natafuta sedani yenye nguvu, inayotulia barabarani, lakini familia ikae vizuri. Nina milioni 32 mpaka gari lifike mlangoni. Ninunue jipya au lililotumika? Niagize Japani au nichukue la mkononi hapa hapa? Wenzangu wananitajia Mark X ya Toyota, Atenza ya Mazda na Legacy ya Subaru. Mke wangu anasema sedani zote ziko chini mno, tununue gari la juu.

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la lori, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inavuta hewa pungufu kwa kila mzunguko, kwa hiyo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. IST yako ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 87. Hapa imebaki chini ya 80, na humo mna watu wazima wawili, watoto watatu na magunia ya kupeleka kwa mama. Unapoanza kupanda kutoka Kintinku kwenda Manyoni, mbele yako kuna lori linalokwenda Rwanda au Kongo, limejaza na linatambaa. Gari lako linahitaji muda mrefu mno upande wa kulia. Hofu unayoipata pale ina sababu, usiipuuze.

Kwa hiyo nikisema gari la familia lenye nguvu, nina maana ya gari linalotoka kilomita 60 kwenda 100 haraka ukarudi upande wako salama, linaloshika breki bila kuyumba, na lisilopepesuka basi kubwa likipishana nalo. Si la kufika Singida kwa saa mbili. Vijijini njia nzima ni 50, kuna matuta, kuna watoto wanatoka shule.

La jipya nalimaliza upesi. Mark X ilisimama kutengenezwa Desemba 2019. Legacy B4, yaani Legacy ya sedani, iliondolewa sokoni Japani mwaka 2020, na Mazda6, ambayo ndiyo Atenza iliyobadilishwa jina, ikafuata mwaka 2024. Sedani mpya za aina hii zilizobaki ni chache, na bei zake zinazidi bajeti yako mara kadhaa. Tuongee lililotumika.

Kuagiza au kununua mkononi, hapo nataka ukae na kalamu. Gari likiingia nchini linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Katikati kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: cc 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya 2000 ni asilimia 10. Halafu kuna uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, la zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Tozo hizi zinapandiana, yaani moja inahesabiwa juu ya nyingine. Na TRA hawatumii bei uliyolipa wewe kama iko chini ya ile waliyonayo kwenye kikokotoo chao cha mtandaoni. Nimewaona watu wamefurahia bei ya Japani, wametuma pesa, gari limefika bandarini ndipo wanaanza kukopa. Fungua kikokotoo kwanza, andika aina, mwaka na cc, ujue deni lako kabla hujampigia muuzaji.

Pamoja na gharama hiyo, mimi bado napendelea uagize, mradi upate karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi gari linapouzwa mnadani Japani. Gari la Japani linakaguliwa kwa lazima kila baada ya miaka miwili, na vumbi letu halijaligusa. Kwenye karatasi usiishie kutazama alama ya 4 au 4.5. Ukiona R au RA mahali pa alama, gari liligongwa likatengenezwa, liache. Angalia ule mchoro wa gari: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, hayo si neno. W ni bati lililonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. XX kwenye mlango mmoja unaweza kuvumilia. XX kwenye boneti pamoja na fenda zote mbili ni gari lililokula kichwa, yaani liligongwa mbele.

Ukiamua kuchukua la mkononi, lenye herufi za usajili zinazoanza na D au E, kuna kipimo kimoja usikubali kukikosa. Mwaka jana mteja aliniletea sedani ya kununua, imeng'arishwa mpaka unajiona usoni, kilomita chache kwenye dashibodi. Nikafungua boksi la chujio la hewa. Chujio lenyewe lilikuwa jipya kabisa, la siku hiyo hiyo. Nikatoa mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye injini, upande wa baada ya chujio, nikapitisha kidole ndani. Kilitoka na unga mwekundu uliochanganyika na oili, laini kama unga wa ulezi. Maana yake gari lile lilitembea muda mrefu na chujio lililochanika au lisilokaa sawa, na unga ule ulipita kwenye silinda ukisugua ringi za pistoni. Tukapima mgandamizo wa silinda, mbili zilikuwa chini. Yule ndugu aliokoa pesa zake kwa kidole kimoja. Sehemu ile ikitoka safi, au na ukungu kidogo wa oili tu, endelea na ukaguzi.

Sasa magari yenyewe.

Mark X ziko mbili, ile ya 2004 hadi 2009 na iliyofuata mpaka 2019. Chukua ya pili, ya cc 2500. Ya kwanza ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu. Ya pili inatumia ya kawaida, na ina farasi 203, ambazo hapa Dodoma utabaki nazo kama 180. Kwa lori la Kintinku zinatosha na kubaki. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, mbele imefungwa wishiboni (mikono inayoshika gurudumu) mbili kila upande, ndiyo maana ukiwa kwenye kona unaona inakaa pale ulipoielekeza. Vipuri na mafundi wanaoijua wapo kila mtaa.

Ila ujue tabia yake. Injini hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini za zamani hupuliza nyuma ya valvu, na petroli inapopita inaziosha. Hii haioshi. Mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini unatua mgongoni mwa valvu, unaungua kidogo kidogo na kuwa masizi magumu. Yakiwa mengi, asubuhi gari linatetemeka likiwa limesimama, na mafuta yanaongezeka. Mafundi wengi hapo wanabadilisha plagi, wanabadilisha koili, pesa inakwisha na mtetemo uko pale pale. Dawa ni kufungua manifoldi, bomba la kuingizia hewa, na kusafisha valvu kwa mkono au kwa kupuliza. Dawa za kumimina kwenye tangi haziwezi kusaidia, kwa sababu petroli yenyewe haifiki pale. Kwa bahati nzuri safari zako si fupi mno, na Singida kila mwezi inaipa injini nafasi ya kupata moto sawasawa. Badilisha oili kila kilomita 5,000, usisubiri zaidi kwa vumbi hili. Ile ya cc 3500 ina pua za mafuta sehemu zote mbili, kwa hiyo masizi hayaisumbui sana, na ina farasi 318. Kwa familia yako na mafuta ya kila siku Mtumba sikushauri.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi ni ringi za magurudumu, zinazopimwa kwa inchi. Zipo Mark X za ringi 16 na za ringi 18. Vijana wanapenda 18. Tairi ya 215/60 ringi 16 ina ukuta wa milimita 129, ya 235/45 ringi 18 ina milimita 106. Hizo sentimita mbili na zaidi za mpira ndizo zinazopokea shimo badala ya ringi, shokapu na boli jointi. Tafuta ya ringi 16. Na soma tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka sita na jua la huku siiamini na watoto ndani, hata kashata zake zikiwa nzima.

Upungufu wa Mark X kwa familia ni ule mgongo wa katikati nyuma, unaopitisha shafti. Mtoto wa katikati atapanua miguu njia nzima. Pima kama viti viwili vya watoto na mkubwa wao wanaenea kabla hujalipa. Kiti cha yule wa miaka miwili kifungwe kwenye ndoano zake za chuma kwenye maungio ya siti.

Atenza iliyoanza 2012 ina nafasi zaidi nyuma na usukani wake ni mtamu, nakiri. Ya cc 2000 ina farasi 155 na inaangukia ushuru wa asilimia 5, ya 2500 ina 188. Kama roho yako iko kwenye nafasi ya watoto, chukua ya petroli, na masharti ya oili ni yale yale maana nayo inapuliza ndani ya silinda. Ya dizeli usiisogelee hata ukipunguziwa bei. Ina chujio la moshi linalotaka safari ndefu zenye moto ili lijisafishe, na foleni za asubuhi zitaliziba.

Legacy inashika magurudumu yote manne, na kwenye tope la Nkuhungu ingekufaa kuliko zote. Lakini za kabla ya 2012 zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na gasketi za kichwa kwenye injini ile ya 2500 zina historia ya kuvuja. Ukiipata, dai ushahidi wa kazi hizo mbili. Pasipo ushahidi, toa gharama yake kwenye bei.

Mimi ningechukua Mark X ya 2500, ringi 16, na kubakiza milioni tatu pembeni. Hizo ni za tairi, oili zote, bushi na maji ya rejeta. Naomba sana hapo usiweke maji ya bomba. Maji yetu ya visima yana chumvi, yanaganda ndani ya rejeta kama yanavyoganda kwenye birika la chai. Weka kulanti, maji maalumu ya rejeta. Pia, ukishapata namba ya chesisi, iandike kwenye tovuti ya kiwanda uone kama gari liliitwa na kiwanda kubadilishiwa eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo yalifungwa eabegi za kampuni ya Takata, ambazo joto na umri huzifanya zirushe vipande vya chuma zikilipuka.

Nimemwacha mama watoto mwisho kwa sababu hoja yake ni nzito. Sedani hizi tatu ziko kama sentimita 15 kutoka chini, na mkipanda wote na mizigo zinashuka mpaka 12 hivi. Watu wanainua kwa spesa za mpira. Spesa nene inapinda pembe ya shafti, inainua uzito wa gari juu, na ule utulivu unaoulipia unapotea. Sikufungii.

Fanya hivi Jumamosi hii. Kata fimbo ya sentimita 12, tembea nayo kwa mguu hizo mita mia sita, uisimamishe kwenye nyayo za magurudumu na kulinganisha na kile kigongo cha katikati. Nenda na mkeo. Kigongo kikizidi fimbo mahali pamoja, mnaweza kukichonga kwa jembe asubuhi moja na majirani. Kikizidi njia nzima, basi yeye yuko sahihi, uniandikie tena tuanze na Forester, gari la juu la Subaru.