Mama anauza mahamri, mbona wafadhili wanasema sina shida?

SWALI

Asalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nasomea teknolojia ya habari katika chuo kikuu cha umma hapa Mombasa. Nakaa Kisauni na mama na wadogo zangu wawili. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama anapika mahamri na mbaazi za asubuhi. Serikali imeniweka bendi ya 3, yaani daraja la tatu la uhitaji, na nyumbani tumetakiwa tulipe asilimia 20 ya gharama ya kozi. Nimeomba ufadhili kwa mifuko mitatu ya hisani. Miwili haikujibu, wa tatu umeniandikia kwamba "mahitaji hayakudhihirika". Nimekutumia nakala ya fomu niliyojaza. Maskini anadhihirisha vipi umaskini wake? Na je, nikipata ufadhili wa hisani, ule wa serikali utakatwa?

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Fomu yako nimeisoma mara mbili. Ningekuwa nimeketi kwenye kamati ile ya tatu, huenda nami ningeiweka pembeni, na si kwa sababu sikuamini. Kuna mistari miwili inayokuangusha.

Wa kwanza ni huu: "Mapato ya mzazi kwa mwezi: Sh46,800." Nikajiuliza, mahamri gani hayo? Halafu nikageuza ukurasa nikaona ulivyopiga hesabu. Mahamri 110 kwa shilingi kumi, Sh1,100. Mbaazi sahani 14 kwa shilingi hamsini, Sh700. Jumla Sh1,800 kwa siku, mara siku 26. Mwanangu, hayo ni mauzo, hayajawa mapato. Unga umenunuliwa na nini? Nazi je? Umeandika mwenyewe pale chini, kwa herufi ndogo kana kwamba si muhimu: unga, sukari na hamira Sh520, nazi na mbaazi Sh430, mafuta Sh250, mkaa Sh150. Ukitoa Sh1,350 kwenye Sh1,800, mama anabaki na Sh450 mkononi. Mara siku 26, ni Sh11,700. Kutoka hapo analipa kodi ya nyumba, analisha watu wanne, na anawasomesha wadogo zako.

Tofauti hiyo si ya kamati za hisani peke yake. Katika mfumo wa ufadhili wa vyuo ulioanza 2023, viwango vya bendi vilivyotangazwa mwaka uliofuata viliweka bendi ya 2 kwa familia zenye kipato cha Sh5,996 hadi Sh23,670 kwa mwezi, na bendi ya 3 kuanzia Sh23,671 hadi Sh70,000. Ukitumia mauzo ya mama uko bendi ya 3. Ukitumia anachobaki nacho uko bendi ya 2. Sisemi kwamba kipato ndicho kitu pekee kinachopimwa. Wanaangalia pia ukubwa wa familia, gharama ya kozi, ulikosoma sekondari na mengineyo. Lakini ikiwa uliijaza ile namba kwenye fomu ya serikali kama ulivyoijaza hapa, umejipandisha cheo mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujamwandikia mfadhili yeyote mwingine, kata rufaa ya bendi. Unaifanya kupitia akaunti yako ileile ya HEF, tovuti ya serikali ya ufadhili wa elimu ya juu, uliyoombea ufadhili, na huwa inapokewa kwa muda maalumu, basi ingia uangalie. Najua kesi ya mfumo huu ilifika mahakamani: Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa unakiuka katiba, na baadaye Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Wapo wanafunzi walioacha kukata rufaa wakisubiri majaji. Usiwaige. Karo haisubiri.

Mstari wa pili unaokuangusha ni ombi lenyewe. Umeandika: "Naomba nilipiwe karo yote, Sh240,000." Hukutaja popote kwamba serikali inakulipia sehemu. Msomaji wa fomu anayejua mfumo anafikiri mambo mawili: ama huyu kijana hajui hesabu yake, ama anaificha. Yote mawili yanamtia wasiwasi.

Nakwambia hivi kwa sababu nimekaa miaka minne kwenye kamati ya mfuko mmoja mdogo wa hisani hapa mjini. Tuseme tuna Sh600,000 za mwaka. Nikiwalipia wanafunzi "karo yote" ya Sh240,000, nimemaliza na wawili na chenji. Nikiziba mapengo ya Sh25,000, nimewavusha 24. Ndiyo maana tunachotafuta kwenye fomu ni pengo. Umaskini tunao tele: rundo zima la fomu ni la maskini, na kila moja ina barua ya chifu iliyoandikwa maneno yaleyale, "huyu ni mhitaji, msaidieni tafadhali", jina tu ndilo limebadilishwa. Barua hiyo ilete, maana bila hiyo fomu haipokewi, ila usiitegemee ikusemee.

Tulipige pengo lako basi, kwa namba ulizonipa. Kozi Sh240,000 kwa mwaka. Bendi ya 3 inakupa nusu kama ufadhili, Sh120,000, na asilimia 30 kama mkopo wa karo, Sh72,000. Nyumbani mnabakiwa na Sh48,000. Nauli ya kutoka Kisauni na kurudi, Sh120, kwa siku 150 za masomo, ni Sh18,000. Chakula cha mchana Sh150, siku hizohizo, Sh22,500. Bando la intaneti na kuchapisha kazi, Sh1,000 kwa miezi tisa, Sh9,000. Kompyuta uliyosema utainunua ikiwa imetumika, Sh18,000. Yote kwa jumla Sh115,500. Sasa toa mkopo wa kujikimu, ambao kwa bendi ya 3 ni Sh50,000 kwa mwaka, na toa Sh1,000 ambazo mama anasema anaweza kuweka kila mwezi. Pengo lako ni Sh53,500.

Rufaa ikikubaliwa ukashuka bendi ya 2, ufadhili unapanda hadi asilimia 60, mkopo wa karo unabaki palepale, nyumbani mnadaiwa Sh24,000 na mkopo wa kujikimu unakuwa Sh55,000. Pengo linashuka hadi Sh24,500. Rufaa hiyo moja inakupa Sh24,000 za bure kila mwaka, yaani Sh96,000 kwa miaka minne, na hakuna mtu uliyempigia magoti. Viwango huwa vinabadilishwa, kwa hiyo namba za kuandika ni zile zilizo kwenye barua yako mwenyewe, wala si hizi zangu.

Hili la mkopo nalo lisemwe. Ukijumlisha wa karo na wa kujikimu ni Sh122,000 kwa mwaka, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutoza riba ya asilimia 4. Najua nyumba nyingi za hapa kwetu ambazo neno riba likitajwa, fomu inafungwa. Siwezi kumwamulia mtu dini yake. Ninachoweza kusema kama mtu wa kamati ni kwamba ukiukataa mkopo, andika wazi kwamba umeukataa na kwa nini, kwa sababu wafadhili wengi watauhesabu kama fedha ulizonazo. Wapo wanaolielewa jambo hilo vizuri: Benki ya Maendeleo ya Kiislamu imekuwa na mpango wa ufadhili kwa jamii za Waislamu walio katika nchi zisizo wanachama tangu 1983, na ule ni mkopo usio na riba ambao mhitimu huurudisha ili usomeshe wengine wa jamii yake.

Sasa swali lako la pili, la kukatwa. Ninavyoona mimi, mwenye mkasi kwa kawaida ni mfadhili wa hisani. Kuna ufadhili wa aina mbili na watu huuchanganya. Upo unaobeba kila kitu: karo, malazi, vitabu, mpaka nauli. Mpango wa wasomi wa Mastercard Foundation, ulioanza 2012, ni wa namna hiyo, na huko huandikii wakfu wenyewe, unaomba kupitia chuo mshirika, kwa mfano USIU-Africa kule Nairobi au Makerere kule Uganda. Ufadhili kama huo hauna haja ya kukaa pamoja na mwingine, na ungekuhamisha hapo ulipo. Aina ya pili ni ule wa kuziba pengo, na ndio wako. Wakfu wa elimu wa Rattansi, ambao upo tangu 1956, ni wa kundi hili, na fomu zake hupitia vyuo vyenyewe. Kaulize kwenye ofisi ya mkuu wa wanafunzi, mlango ambao wanafunzi wengi huujua wakiwa mwaka wa tatu. Basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, ya eneo bunge lako nayo ni hivyohivyo, hata ikiwa ni Sh5,000.

Mfuko wa kuziba pengo haulipi mkononi, unalipa kwenye akaunti ya chuo. Ukilipiwa na wawili kwa pengo lilelile, taarifa yako ya karo itaonyesha ziada, na kila malipo yana mahali yalikotoka. Nimewahi kuiona taarifa ya msichana mmoja ikiwa na ziada ya Sh31,000 wakati barua yake kwetu inasema atafukuzwa chuoni wiki ijayo. Hakuwa mwongo. Basari mbili zilikuwa zimeingia siku moja baada ya yeye kutuandikia, naye hakutuambia. Kamati ikamkata, na nikaona uchungu kwa sababu nauli na chakula alikuwa hana kweli. Kwa hiyo ukipata popote, hata kidogo, waandikie wengine wote siku hiyohiyo: nimepokea kiasi hiki, pengo langu sasa ni hili, naomba kilichobaki kihesabiwe kwenye kujikimu. Baadhi watakubali na wengine watakukata, ila hakuna atakayekuona mjanja.

Na usione haya kuomba. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamaa wa Bohora, pamoja na serikali ya kikoloni. Kuta zile zenyewe ni hisani.

Ombi lako jipya liwe la ukurasa mmoja. Anza na namba: "Gharama yangu ya mwaka ni kadha, nimeshapata kadha kutoka kwa kadha, mama anatoa kadha, pengo ni Sh53,500." Habari za mama zije baada ya hapo, na ziwe fupi. Fomu ambayo sijaisahau ilikuwa na nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la mama, lina madoa ya mafuta, limeandikwa kwa penseli "unga 4, nazi 6, deni la Bi Mkubwa 200". Hapakuwa na neno umaskini hata moja, na hakuna aliyebisha. Mwombe mama wako aandike hivyo kwa wiki mbili. Hana hati ya mshahara, na daftari ndilo hati yake; mkiweza, pelekeni jumla yake kwa wakili mwenye mamlaka ya viapo aitilie muhuri. Anayekuomba ada ya "kushughulikia fomu" kwa M-Pesa, mfungie simu.

Limebaki moja. Kwenye viambatisho umeweka kibali cha mazishi cha marehemu baba. Kamati nyingi hazikikubali, zinataka cheti cha kifo, na hicho kama hamkukichukua wakati ule kinaombwa Huduma Centre. Katika karatasi zote nilizokutajia, hiyo ndiyo inayoweza kukuchelewesha zaidi, kwa hiyo nenda Jumatatu, ubebe hicho kibali na kitambulisho cha mama.