Mwanangu, jina la meli lisikutishe

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifika hapa Likoni, nasi sote wazima. Unaniuliza kama ukubali kazi kwenye meli ya shehena yenye umri wa miaka 27, ambayo umegundua imepitia majina matano na wamiliki wanne, kwa kuwa wenzako wanakwambia chombo kinachouzwa mara nyingi hivyo hakikosi balaa.

Majina hayanitishi. Miaka yote niliyokuwa karani wa kuhesabu shehena Kilindini, meli ikifunga gati nilikuwa nikitazama omo kwanza, yaani sehemu ya mbele ya meli. Herufi za jina huchomelewa kwenye chuma, na mmiliki mpya mara nyingi hupaka rangi juu ya zile za zamani bila kuzikwangua vizuri, hata jua la asubuhi likizipiga kwa ubavu unalisoma jina la awali chini ya jina la sasa, limevimba kama kovu. Meli zenye makovu hayo zilituletea ngano na mbolea, zikashusha, zikaondoka salama. Kisichobadilika ni nambari ya IMO, ya shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, tarakimu saba ambazo meli hubaki nazo hadi siku ya kukatwa chuma chakavu, iuzwe mara ngapi na ipeperushe bendera ya nani.

Iangalie Medina, iliyoshushwa majini huko Newport News, Marekani, mwaka 1914, kuwa meli ya shehena ya kampuni ya Mallory. Mwaka 1948 iliuzwa, ikageuzwa meli ya abiria na kuitwa Roma. Mwaka 1952 ilinunuliwa na kampuni ya Costa ya Italia, ikawa Franca C, na mitambo yake ya mvuke ikang'olewa na kutiwa injini za dizeli. Mwaka 1977 shirika la Kijerumani liliinunua na kuiita Doulos, nayo ikazunguka bandari za dunia ikiuza vitabu hadi mwisho wa 2009, ilipostaafishwa kwa sababu kukidhi kanuni mpya za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, kungegharimu mno. Leo ni hoteli, imepandishwa nchi kavu katika kisiwa cha Bintan, Indonesia. Haikufika hapo kwa bahati: walioipokea walikuwa na kazi ya kuifanyisha miaka mingi mbele, kwa hiyo hawakuona uchungu kuitolea fedha.

Ninayemwogopa ni mmiliki wa mwisho, yule anayenunua chombo kwa bei ya chuma, akitaka safari chache tu kabla ya kukipeleka ufukweni Alang, India, kukatwa chuma chakavu. Niliwahi kupanda meli ya namna hiyo iliyoleta sukari. Mpira wa kuzibia vifuniko vya tumbo la meli ulikuwa umekauka na kupasuka, wakaufunika kwa utepe, na tulipofungua, magunia ya juu yalikuwa yameganda kama mawe na maji meusi yakichuruzika pembeni. Mabaharia wake walikuwa na miezi hawajalipwa. Serangi wao, yaani msimamizi wa mabaharia, mtu mzima wa makamo yangu, aliniomba unga.

Kwa hiyo usiulize imekuwa na wamiliki wangapi. Uliza ukaguzi mkubwa ujao ni lini, ule unaofanywa kila baada ya miaka mitano, kwa maana ndio unaokula fedha za kubadilisha mabati yaliyoliwa na kutu, na wengi huuza meli unapokaribia. Ikiwa huyu ameinunua miezi michache kabla ya ukaguzi na hajaweka miadi na chelezo chochote cha kutengenezea meli, basi mwanangu, kaa nyumbani. Uliza pia kama ipo hati ya bima ya mabaharia inayodaiwa na mkataba wa kazi za baharini tangu 2017, inayolipa nauli ya kukurudisha kwenu na mishahara ya hadi miezi minne iwapo mwenye meli atakutelekezeni. Hati hiyo hubandikwa mahali pa wazi melini. Kama wakala anababaika kukutumia picha yake, hilo ni jibu.

Nitumie nambari ya IMO kabla hujatia sahihi. Ninao wenzangu bandarini wanaoweza kuangalia kama imewahi kuzuiliwa na wakaguzi, na wapi. Mama yako anakusalimu, na anasema ukija upitie Marikiti umletee iliki.

Baba yako