Tangi la Maziwa Linaweza Kusubiri Dakika Ngapi?

Ukinikuta hapa Moshi nimebeba begi la vifaa, basi natoka kwenye mashine ya kusaga, au gesti ya wapanda mlima, au kituo cha kukusanyia maziwa. Hao ndio wateja wangu wa miaka mingi, na kadhaa kati yao wanakula umeme wa transfoma moja. Nawaandikia wenye biashara kama zao, pamoja na mafundi wenzangu. Kuna jambo tumelijaribu mtaani, tukakosea, tukarekebisha, na naamini lina nafasi kwenye gridi nzima ya taifa: watumiaji wadogo wakijipanga pamoja, wanaweza kuwa akiba ya umeme kama ulivyo mtambo uliowekwa tayari kwa dharura.

Kwetu lilianza na umeme mdogo. Kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, taa zilififia na friza zikawa zinanguruma bila kuwaka. Nilipima kwenye meni swichi ya gesti nikakuta volti 187, mahali pa 230. Nikazunguka na mita ya kubana waya, nyumba hadi nyumba, nikiandika. Gesti ilikuwa na hita sita za maji, kila moja kilowati 3. Mota ya mashine ya kusaga ilikuwa ya kilowati 22. Kompresa ya tangi la maziwa 5, pampu ya kisima 4. Jumla kilowati 49, zote zikivuta saa moja ile ile ambayo kila nyumba inawasha taa, televisheni na pasi.

Nikawaita wenyewe tukakaa. Mwenye mashine alikubali upesi, maana mota yake ilikuwa inaungua kila baada ya miezi michache na yeye ndiye aliyekuwa anaumia zaidi. Mama wa gesti aligoma. "Fundi, wageni wangu wametoka mlimani, wana siku sita hawajaoga. Niwaambie maji ya moto yasubiri?" Alikuwa na haki. Wageni wanaoshukia Mweka, njia ya kushukia Kilimanjaro, hufika kwake mchana au alasiri, na kuoga ndiyo kitu cha kwanza wanachoulizia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la "zima au washa" halitufai. Swali linalofaa ni hili: kitu hiki kinaweza kusubiri dakika ngapi, na saa ngapi hakiwezi kusubiri kabisa?

Chukua hita. Tangi la lita 200, maji yametoka bombani yakiwa na nyuzi 20, unayataka yafike 60. Hesabu yake ni yuniti 9 na kitu, kwa hiyo hita ya kilowati 3 itachukua saa tatu hivi. Ikianza saa tano asubuhi, saa nane mchana maji yako tayari, na tangi lililofungwa vizuri halipoi upesi. Mama wa gesti hakuwa anahitaji umeme saa moja jioni. Alihitaji maji ya moto, na hayo yanaweza kupikwa mapema yakangoja. Nilimfungia taimeri na kontakta, yaani swichi nzito inayoamrishwa na taimeri, na kwenye hita mbili nikaongeza swichi ya mkono ili mgeni akichelewa kushuka yeye mwenyewe aiwashe. Ile swichi ya mkono ndiyo iliyomfanya akubali. Usimfungie mtu kifaa kinachomnyang'anya uamuzi ndani ya nyumba yake. Ataking'oa wiki hiyo hiyo.

Tangi la maziwa lilinifundisha zaidi. Maziwa yanafika yakiwa na joto la ng'ombe na lazima yashushwe haraka hadi nyuzi 4, la sivyo yanaharibika na wafugaji waliokuja na madumu yao kutoka migombani wanapata hasara. Siku moja, usiku, baada ya tangi kufika nyuzi 4, niliomba ruhusa nizime kompresa. Nikakaa pale na kipimajoto, mlinzi akiniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Dakika arobaini zilipita, kipimo kikasogea kidogo sana. Tangi lile lina ukuta mnene wa kuzuia joto, na maziwa yenyewe yakishapoa ni kama betri ya baridi. Lakini jioni maziwa mapya yanapomiminwa, hata dakika kumi ni nyingi. Kwa hiyo tangi lile lile ni akiba nzuri saa tisa usiku na si akiba hata kidogo saa moja jioni. Mtu akija kukuuliza una kilowati ngapi za kutoa, mjibu kwa saa. Namba moja haitoshi.

Sasa kosa letu, na nalisema wazi kwa sababu ndilo linaloua mipango ya namna hii. Wiki ya tatu tulikubaliana kila mmoja azime saa kumi na mbili na nusu na awashe saa mbili na nusu usiku. Saa mbili na nusu ilipofika, wote wakawasha. Mota ya kusaga inapoanza huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Hita zote sita zilikuwa zimepoa na friza za mtaa mzima zilikuwa na njaa. Fyuzi ya transfoma ikakata, tukalala gizani, na kesho yake majirani ambao hawakuwa hata kwenye mpango wetu walinijia juu. Tangu siku hiyo kurudi kuna zamu: pampu kwanza, baada ya dakika tano hita mbili, kisha mbili nyingine, na mota mwisho kabisa. Kama utakumbuka jambo moja tu kwenye makala hii, kumbuka kwamba kuzima ni kazi nyepesi kuliko kurudi.

Sasa tutoke mtaani. Gridi yetu inazunguka kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Umeme unaozalishwa na unaotumika lazima vilingane kila sekunde. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, kasi ya mashine zote nchini inaanza kushuka na hezi zinashuka nazo. Kinachookoa katika sekunde za kwanza ni uzito wa rota, yale mavyuma yanayozunguka ndani ya mitambo, halafu mitambo iliyoachwa na nafasi ya kuongeza nguvu. Hiyo nafasi ndiyo akiba. Ikiwa haitoshi, rilei, yaani swichi zinazojikata zenyewe, kwenye vituo vya kupozea umeme hukata laini nzima nzima ili kinachobaki kipone. Mitambo yetu sasa ni mikubwa: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Ni baraka kubwa, lakini mashine moja ya megawati 235 ikitoka ghafla ni pengo ambalo lazima lizibwe papo hapo. Wengi tunakumbuka usiku wa 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipopata hitilafu. Mimi niliamka nikakuta wilaya nzima kimya, nikaenda moja kwa moja kwenye lile tangi la maziwa.

Ninachokipigania ni hiki. Rilei inapokata laini, haichagui. Kwenye laini moja kuna zahanati, kuna mgonjwa nyumbani anayepumua kwa mashine, kuna mtoto anayesomea mtihani, na kuna hita ya gesti inayochemsha maji ya kesho. Vyote vinazimika sawasawa. Kama hita elfu kadhaa, friza za baridi na pampu za maji zingejitoa zenyewe kwa dakika kumi na tano, ile laini ingebaki. Mwenye hita asingejua hata kama imetokea.

Wenzetu wameshafika huko. Texas, Marekani, ambako gridi inakwenda kwa hezi 60, viwanda vikubwa vimefungiwa rilei zinazovitoa hezi zikishuka hadi 59.7, ndani ya nusu sekunde, bila mtu kupiga simu, na wanalipwa kwa kukaa tayari. Mwaka 2011 mdhibiti wa nishati wa Marekani, FERC, aliagiza kwamba mtumiaji anayepunguza matumizi soko linapohitaji alipwe bei ile ile anayolipwa mzalishaji, mradi hatua hiyo inawapunguzia watumiaji gharama. Wazalishaji walikwenda mahakamani, na Januari 2016 Mahakama ya Juu ikaliunga mkono agizo lile. Septemba 2020 likaja agizo namba 2222, linalotaka masoko ya umeme yapokee vikundi vya vyanzo vidogo kuanzia kilowati 100.

Kilowati 100! Niliposoma hivyo nilirudi kwenye daftari langu. Mtaa wetu una 49.

Lakini tusijidanganye na hizo 49. Ni jumla ya vibao vya mashine, na mashine haziwaki zote wakati mmoja. Ukitaka megawati moja ya hita za kilowati 3, unahitaji hita 333 zinazowaka dakika ile ile. Kama kwa kawaida moja kati ya tano ndiyo inayowaka, unahitaji karibu 1,700 kwenye kikundi. Hapo ndipo wingi unapokuwa na maana. Hita moja huwezi kuitegemea, lakini hita 1,700 zina tabia unayoweza kuitabiri karibu kama mtambo. Ndiyo maana lazima pawe na msimamizi wa kikundi, mtu au kampuni inayojumlisha wadogo, inayojua kila mmoja anaweza nini kwa saa gani, na inayobeba lawama mbele ya mwendesha gridi wasipotimiza.

Akiba, tena, ni tofauti na tulichokuwa tunafanya jioni. Sisi tulihamisha matumizi kila siku kwa ratiba. Akiba inaitwa mara chache, ghafla, kwa muda mfupi. Malipo yake makubwa yanapaswa kuwa ya utayari, kama unavyomlipa mlinzi hata usiku ambao mwizi hakuja. Ukimlipa mtu kwa kila anapozimiwa tu, mwezi usio na hitilafu hapati kitu, na mwezi unaofuata ameshachomoa waya.

Kwa hapa kwetu, TANESCO ndiye anayeendesha gridi na EWURA ndiyo inayopitisha bei. Mteja wa T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida ya nyumba na biashara ndogo, kwa bei zilizoanza 2016, hulipa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, saa tisa usiku sawa na saa moja jioni. Mama wa gesti alihamisha hita zake kwa ajili ya majirani na friza yake, LUKU haikumpa nafuu hata senti. Mwenye mashine yuko T2, kundi la wanaotumia umeme mwingi zaidi, naye alipata kitu: T2 inatozwa pia kilele cha mwezi, yaani nguvu kubwa kuliko zote aliyovuta kwa mpigo mwezi huo, shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha nguvu hiyo), na kwa kuacha kuwasha vyote kwa mpigo alikishusha. Mkiwa T2, anzieni hapo, hamhitaji ruhusa ya mtu. Kwa wengine, tunachopaswa kukiomba ni kwamba vikundi vya watumiaji vitambuliwe kama chanzo cha akiba, kwa majaribio hata ya kituo kimoja cha kupozea umeme hapa Kilimanjaro, vipimwe, na vilipwe kwa utayari wao. Badala ya kutegemea tu maji au gesi ya akiba inayosubiri kwenye mtambo, zitumike friza na hita ambazo tayari tumeshazinunua sisi wenyewe.

Na tuwe wakweli kwenye vipimo. Ugomvi mkubwa kwenye kikundi chetu haukuwa wa umeme, ulikuwa wa "mimi nilikuwa natumia ngapi kabla?" Mmoja wetu aliwasha hita zote bila kuzihitaji siku ya kupima ili aonekane amepunguza sana. Dawa yake ilikuwa kupima siku kumi za kawaida bila kutangaza, kisha kuchukua wastani wa saa ile ile. Palipo na malipo, vishawishi hivyo vitakuwa vikubwa zaidi, kwa hiyo kanuni ya kupima ije kabla ya fedha.

Usiruhusu kishoka, fundi asiye na leseni, akufungie rilei hizi. Kontakta ndogo kuliko mzigo wake inayeyuka, nimezing'oa kwa mikono yangu zikiwa nyeusi. Vitu vya kiafya visiingie kwenye orodha kamwe, hata mwenyewe akikubali. Na usitegemee ujumbe wa simu kwa jambo la sekunde: rilei inayosoma hezi kutoka kwenye soketi yenyewe haihitaji bando wala mtandao.

Wiki hii, nunua daftari. Safu ya kwanza jina la kifaa, ya pili kilowati zilizopimwa, si zile za kwenye kibao. Ya tatu dakika kinazoweza kusubiri, baada ya wewe kukaa pale na kipimajoto au saa mkononi. Ya nne, saa ambazo hakiguswi. Ya tano, zamu yake ya kurudi. La kwangu limefika ukurasa wa kumi na moja, na Jumamosi naenda kupima chumba cha baridi cha mwenye bucha, soko la Mbuyuni.