Fizikia ya mtandaoni bila maabara

Dada, unamtafutia kijana wako anayesomea nyumbani huko Kisumu kozi ya fizikia ya mtandaoni, na aliyekuambia hawezi kuifanya bila maabara amesema nusu tu ya ukweli. Inategemea mtihani. IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari, ile ya bodi ya Cambridge (msimbo 0625), inampa nafasi ya kufanya Karatasi ya 6, ya kuandika, badala ya Karatasi ya 5 ya vitendo. Ile ya bodi ya Edexcel (4PH1) ina karatasi mbili tu, zote za kuandika. KCSE, mtihani wa taifa wa Kenya wa kumaliza sekondari, ndiyo haina njia ya mkato: Karatasi ya 3 ni ya vifaa mkononi, alama 40.

Nafundisha fizikia hapa Nakuru, na wanaoangushwa na hiyo Karatasi ya 6 ni wale waliotazama video peke yake. Wanaulizwa kusoma vipimo kwenye vifaa vilivyochorwa, kuchora grafu, kusema kosa la kipimo limetoka wapi. Kwa hiyo chagua kozi yenye mwalimu anayesahihisha kazi za vitendo, si maswali ya kuchagua jibu pekee. Nyumbani afunge nati kwenye uzi, aibembeze, apime muda wa mizunguko 20 kwa simu, kisha abadilishe urefu wa uzi. Majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya tovuti ya PhET ni ya bure, yanasaidia sana kwenye umeme. Khan Academy, tovuti ya masomo ya video, pia ni ya bure, ila haifuati silabasi hizi, basi iwe ya nyongeza.

Lakini kabla hujalipa chochote, ulizia kituo cha mtihani hapo Kisumu kama kinapokea watahiniwa wa kujitegemea, na kwa karatasi ipi. Vingine hukataa.