Dekafu inataka grainda yake: kwa wadogo zangu mnaoanza kaunta

Jumatatu nilimkuta kijana wetu mpya anamimina dekafu, ile kahawa iliyotolewa kafeini, kwenye hopa (chombo cha punje) ya grainda inayosaga kahawa ya kawaida, juu ya punje zilizobaki humo. Akaniambia kwa uso mkunjufu, "Dada, zote si kahawa tu?" Jumatano mwenzake akamhakikishia mama mjamzito kwamba dekafu haina kafeini hata chembe. Nilisubiri wateja watoke ndipo nikasema, na nilisema kwa sauti niliyokuwa sijaitumia muda mrefu. Wadogo zangu, nawapenda, na maziwa mnayachemsha vizuri kuliko nilivyoyachemsha mimi mwaka wangu wa kwanza. Lakini makosa haya mawili kila kundi jipya linaingia nayo. Someni hapa kabla hamjagusa tena ule mfuko wa kijani.

1. Jueni mnachouza. Kafeini hutolewa kwenye kahawa safi, ingali mbichi, kabla ya kukaangwa. Mteja akiuliza, msimwambie kwamba "inaoshwa baada ya kukaangwa". Mjerumani Ludwig Roselius wa Bremen ndiye aliyeifanya dekafu kuwa biashara mwanzoni mwa miaka ya 1900, akitumia kemikali ya benzini (benzene, si petroli), na njia hiyo iliachwa kwa sababu benzini ni sumu. Siku hizi kuna njia ya maji na kichujio cha mkaa, njia ya kaboni dayoksaidi yenye mgandamizo mkubwa, njia ya ethili asetati ambayo Kolombia huitengeneza kutokana na miwa, na njia ya methilini kloraidi. Mfuko mzuri huandika ni ipi. Usioandika chochote, mimi siununui.

Na kafeini haiishi yote. Ulaya wanataka dekafu iliyokaangwa isizidi asilimia 0.1 ya kafeini. Shoti moja, yaani kikombe kidogo cha kahawa nzito ya mashine, ikiwa ya kawaida ya arabika ina kama miligramu 60, ya dekafu ina miligramu chache. Mwambieni mteja hivyohivyo: "Imebaki kidogo sana, lakini ipo." Mama mjamzito ana haki ya kulisikia hilo ili apange siku yake na kuulizana na mkunga wake. Tena angalieni kama ni aina ya arabika au ya robusta. Robusta kama ile ya Kagera huwa na kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo hata ikitolewa, kinachobaki huweza kuwa kingi zaidi.

2. Kuchagua. Msiihukumu dekafu kwa rangi. Punje zake huwa za kahawia hata zikiwa mbichi, kwa hiyo zikikaangwa kiasi tu zinaonekana zimeungua. Mafuta nayo hujitokeza juu mapema, kwa kuwa ile kulowekwa na kukaushwa tena imeshailegeza punje. Kahawa yetu ya Kalinzi na Kasulu iking'aa hivyo ujue moto umezidi; dekafu iking'aa, inusheni kwanza. Ikinuka karanga zilizochacha, imezeeka. Ikinuka sukari iliyoungua kidogo au kakao, chukueni. Tarehe ya kukaangwa iwe imeandikwa, na mifuko iwe midogo, maana dekafu huchacha haraka na yetu husafiri mbali kabla ya kufika hapa Kigoma, mwisho wa reli. Nikishafungua mfuko, wiki mbili kwangu zinatosha.

3. Kuvuta shoti. Gramu 18 za unga ndani, gramu 36 za kahawa nje, sekunde 25 hadi 30, hayo mnayajua. Lakini kwa saizi ileile ya kusaga, dekafu yetu hukimbia: sekunde 17 kikombe kimejaa, nanyi mnaanza kuilaumu mashine. Sageni laini zaidi hatua moja au mbili, na joto lishushwe kidogo, mimi huweka nyuzi 91, kwa sababu uchungu wake uko karibu. Krema yake, lile povu la juu ya shoti, huwa nyembamba na hupotea mapema. Hilo si kosa lenu, ndivyo ilivyo, na nitalirudia chini.

Maji nayo. Maji ya ziwa letu yana alkali nyingi, pH yake hukaribia 9, na magnesiamu si haba. Alkali hiyo huua ule uchachu mzuri, na dekafu tayari uchachu wake ni mdogo. Kichujio kikipitiliza muda wake, kwenye Kalinzi mtapata kahawa iliyopooza, kwenye dekafu mtapata maji ya kadibodi. Kibadilisheni kwa wakati, msingoje mashine ijae ukoko wa chokaa.

4. Grainda. Hapa nitakaa, mnisamehe.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili, kwenye mgahawa mwingine hapahapa Kigoma, siku ya treni. Mnajua siku ya treni ilivyo: mabegi mpaka mlangoni, watu wana usingizi wa safari nzima, kila mtu anataka kapuchino na kila mtu anataka ya kwanza. Tulikuwa na mzee mmoja wa kila jioni, mstaafu wa reli, baraghashia nyeupe, meza ya pembeni inayotazama ziwa. Moyo ulikuwa unamsumbua na daktari alikuwa amemkataza kahawa. Huyu ni mtu aliyeinywa tangu ujana wake barazani Ujiji, vikombe vidogo na kashata, na maongezi hadi usiku. Kukatazwa kahawa kwake kulikuwa kukatazwa watu. Mimi ndiye niliyemshawishi ajaribu dekafu, na kweli ikamrudishia jioni zake.

Grainda ilikuwa moja, na mikebe miwili ya punje ilifanana, haina alama. Nikapima, nikasaga, nikatampu (nikaushindilia unga), nikabonyeza. Shoti ikaanza kushuka nikaiona. Ilishuka polepole kama asali, nyekundu ya udongo wa Kasulu, na krema nene iliyosimama yenyewe, ina madoa meusi juu kama ngozi ya chui. Dekafu yetu haikuwahi kushuka hivyo hata siku moja. Yake ilikuwa krema ya manjano, inaachia katikati kabla hujafika mezani. Mkono wangu ulisimama hewani. Nilijua, wadogo zangu. Si kwamba nilishuku, nilijua. Lakini foleni ilikuwa imefika barazani, mwenye duka ananitazama, nikaweka kikombe kwenye kisosi nikampelekea. Shoti mbili kamili. Akanywa taratibu, akainua uso: "Leo umeipatia, mwanangu."

Asubuhi binti yake akaja peke yake. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama jana kulikuwa na chochote tofauti kwenye kahawa ya baba, kwa sababu tangu saa nne usiku moyo ulimwenda mbio, akakaa kitandani ameshika kifua mpaka adhana ya alfajiri, na nyumba nzima ikakesha naye. Nikamjibu hapana. Jibu hilo linaniuma kuliko shoti yenyewe. Dada yule alinishukuru, akaondoka, nami siku nzima nikawa naosha portafilta, ile mikono ya mashine inayoshika unga, zilizokuwa safi.

Jioni nilikwenda kwa yule mzee, mtaa wa Mwanga. Nilivua viatu mlangoni, nikamwamkia, nikamweleza yote: mikebe, krema, na jibu nililompa binti yake asubuhi. Akaniuliza jambo moja, "Uliona kabla sijanywa?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Akanyamaza muda mrefu. Halafu akamwambia binti yake aniletee maji ya kunawa, kwa sababu walikuwa wanataka kula, na nikala nao dagaa na ugali bila kuweza kuinua macho. Alirudi mgahawani baada ya wiki kadhaa, meza ileile, akaagiza chai ya tangawizi. Mpaka nilipohama pale hakuagiza tena kahawa kwangu.

Mteja wa dekafu hana namna ya kupima. Hawezi kuonja kafeini. Anakunywa neno lako. Ndiyo maana nimekuwa mkali hivi juu ya jambo ambalo kwenu ni mkebe tu.

Kwa hiyo: dekafu iwe na grainda yake. Ikishindikana, kinu cha mkono, dozi kwa dozi, polepole ni sawa. Mkebe uwe na mkanda mwekundu kwenye mfuniko na ubavuni pia, maana mfuniko huhama. Grainda ya pamoja siitaki hata "kwa leo tu". Ndani ya mdomo wake hubaki gramu kadhaa za kahawa iliyotangulia. Ukiwa na shaka na shoti, mwaga. Mwambie mteja, "Nisubiri dakika tatu, baba, naitengeneza upya," na umweleze kwa nini. Hakuna aliyewahi kunigombeza kwa hilo. Na ukigundua kikombe kimeshaondoka, kifuate, hata kama mezani kuna wageni, hata kama kimefika nusu. Dekafu ikiisha, semeni imeisha.

5. Kwa late na kapuchino ya dekafu tumieni kikombe cha mililita 180, si kile kikubwa; ladha yake ni ya chini na maziwa mengi huizika. Maziwa yakifika nyuzi 60 hadi 65, simamisheni.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla hatujafungua, nataka kila mmoja wenu avute shoti mbili kwenye vikombe vya glasi, moja ya Kalinzi na moja ya dekafu, aziweke dirishani penye mwanga na azitazame mpaka krema zote mbili ziishe. Mje na saa ya mkononi. Nitawauliza ipi ilitangulia kuachia, na kwa sekunde ngapi.