Maswali ya Wasomaji: Mashine Iliyopumzishwa Ndiyo Iliyokufa

SWALI: Bwana Mhariri, assalaamu alaykum. Nina kibanda cha gemu Malindi, Unguja, hatua chache kutoka pwani. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mashine mbili za aina moja, zote zikiwa zimeshatumika. Moja huifanyisha kazi kila siku tangu alasiri hadi usiku, na mpaka leo ni nzima. Ya pili niliifunga kwenye plastiki nikaiweka juu ya kabati iwe akiba. Masika yalipomalizika niliitoa na kuichomeka. Taa iliwaka kidogo, kisha ikazima moja kwa moja. Fundi aliyeifungua amesema imeliwa na chumvi. Vipi iliwe na chumvi mashine isiyotoka kabatini? Na je, ninunue akiba nyingine?
Msomaji, Malindi

JIBU: Wa alaykumu salaam. Fundi wako amesema kweli, ila amekueleza nusu yake. Chumvi ikiwa kavu haipitishi umeme, na inaweza kukaa juu ya saketi bila ya kuleta madhara makubwa. Balaa huanza inapovuta maji kutoka hewani, na chumvi ya kawaida hufanya hivyo unyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75. Aliyewahi kuacha kibakuli cha chumvi wazi jikoni mwezi wa Aprili ameliona jambo hili kwa macho yake. Hewa ya visiwa vyetu hukipita kiwango hicho mara kwa mara, hasa wakati wa masika, kwa hivyo vumbi la chumvi ambalo feni ililivuta siku mashine ilipokuwa ikitumika hugeuka majimaji yanayokula shaba ya ubao wa saketi na miguu ya vipuri, yakaacha ile kutu ya kijani ambayo bila shaka fundi alikuonyesha.

Mashine yako ya kila siku inapata chumvi nyingi zaidi kuliko hiyo ya kabatini, lakini joto lake lenyewe huikausha kila jioni. Ile ya akiba haikuwa na joto la kuikausha, na plastiki haikuisaidia, kwa sababu unyevu uliokuwemo ulifungiwa ndani pamoja na chumvi. Hata hivyo, nadhani kilichoimaliza ni kuichomeka papo hapo: umeme ulipita kwenye ubao wenye majimaji na kushika njia ya mkato pasipostahili. Ingelikuwa imekaa kwanza siku mbili tatu katika chumba kikavu, chenye kiyoyozi ikiwezekana, kisha ikafunguliwa na kusafishwa kwa spiriti na brashi laini, huenda ungeliiokoa. Wengine hufukia vifaa ndani ya mchele. Mimi siipendi dawa hiyo, kwani unga wake huingia kwenye matundu, na mchele una kazi nyingine.

Kwa hivyo usinunue akiba ya kuweka. Ukinunua, zipokezane kazi, hii wiki hii na ile wiki ijayo, na inayopumzika iwekwe kwenye boksi la kufunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, baada ya kupoa kabisa.

Usidhani kwamba hiyo nzima haizeeki. Krimu iliyo baina ya chipu na bamba la kupozea hukauka, feni hujaa vumbi ikaanza kunguruma, na kapasita, vile vipuri vya ubaoni vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, hupungukiwa na umri kwa kadiri ya joto: mafundi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka huukata umri wake kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kitambaa cha kufuma kinachowekwa juu ya mashine inayowaka ni pambo la gharama. Isafishwe kila baada ya miezi mitatu, na anayepuliza kwa blowa aishike feni isizunguke. Pedi za mkononi za kuchezea zitatangulia kufa kabla ya mashine, kwa kuwa njia ya kaboni iliyo chini ya vijiti hufutika kwa kusuguliwa, na wateja wako hawana huruma.

Umeme nao una sehemu yake. Baada ya giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme ya chini ya bahari ilipoharibika, wengi tuliingia kwenye jenereta ndogo ambazo volti zake hazitulii kwenye 230. Ukikatika, chomoa, ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka tena.

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani hurudi kwenye tarehe ya zamani kila umeme unapokatika. Je, imezeeka?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Kilichozeeka ni betri tu, ile ya duara mfano wa sarafu iliyopachikwa kwenye ubao, ambayo mara nyingi huandikwa CR2032 na hutoa volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa, saa hutumia umeme wa ukutani. Ukikatika, betri hubaki peke yake, na ndiyo maana kompyuta inayokaa miezi bila ya kuchomekwa huimaliza upesi. Chomoa waya, badilisha betri huku alama ya kujumlisha ikitazama juu kama ilivyokuwa ya mwanzo, kisha rekebisha tarehe. Mpaka utakapofanya hivyo, usishangae tovuti nyingi zikikataa kufunguka, kwani kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, hukagua tarehe kwanza.